Shokapu Niliyoizika

Juzi, kwenye gereji moja Kinondoni, nilimsikia fundi akimwambia mteja, "Shokapu ya nyuma imekufa, mama." Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa fundi, sie tukikaa Temeke, na mara mojamoja alishiriki mashindano ya mbio za magari. Mchana mmoja, nikiwa mtoto mdogo, uani kulinuka mafuta ya taa. Alichomoa kwenye gari lake chuma kirefu cha kuzuia gari lisirukeruke, kilichovuja mafuta, akakitazama kwa huzuni, akasema, "Shokapu hii imekufa." Kisha akaenda msikitini.

Kwa akili yangu ya utoto, aliyekufa huzikwa. Nikaivingirisha shokapu kwenye kipande cha kanga, nikaifukia nyuma ya jiko, nikaisomea Fatiha niliyoijua nusu.

Baba aliporudi alitafuta kila mahali. Siku zile vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, naye alikusudia kuifungua aitengeneze; bila hiyo asingeshindana kesho yake.

"Mwanangu, umeiona shokapu?"

"Nimeizika, baba. Si ulisema imekufa?"

Nilingoja kofi. Baba alichuchumaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha tukaifukua pamoja kwa mikono. Akabadilisha mpira uliochakaa ndani yake, akatia mafuta mapya, akaifunga.

Kesho yake jioni alirudi, vumbi hadi kwenye kope. Akanipandisha mabegani tukazunguka mtaa.

"Umeshinda?" majirani wakauliza.

"Nimekuwa wa mwisho," akajibu kwa furaha, "lakini nimefika!"

Nilimshika masikio nisianguke. Mpaka leo natamani ningechelewa kushuka.