Kijiko cha Kuonjea na Dawa ya Mwani

Kiungulia kilimshika mpishi akiwa ameinama juu ya sufuria ya maharage, na safari hii hakikumpa hata nafasi ya kujifanya anatafuta kitambaa. Aliacha mwiko ndani, akashika ukingo wa meza, akafumba macho. Moto ulipanda kutoka chembe cha moyo, ukapita nyuma ya mfupa wa kifua, ukammwagia uchachu kooni kama mtu aliyemeza limao na maganda yake.

"Umeanza, wifi?" aliuliza dada wa mumewe, aliyekuwa akimenya vitunguu karibu na sinki.

"Nimeanza nini? Menya vitunguu vyako."

"Mimi namenya. Wewe ndiye umeshika meza kama inataka kukimbia."

Hapo kwenye kantini ya kiwanda cha nguo watu wote walimwita Bi Kijiko, kwa sababu ya kijiko cha bati kilichoning'inia kiunoni mwake kwenye kamba ya aproni, kijiko ambacho hajapata kumwazima mtu. Alianza kazi akiwa msichana wa kuosha masufuria. Siku moja mpishi wa zamani alimwonjesha mchuzi, naye akasema bila kuulizwa kwamba ndimu imezidi. Mpishi akaonja tena, akampa kijiko. Tangu hapo hakuna sufuria iliyofika dirisha la kugawia chakula bila kupita kwanza ulimini mwake, wala si mara moja. Nyanya zikipondeka, anaonja. Chumvi ikiingia, anaonja. Ikishayeyuka anaonja tena, maana chumvi, kwa maneno yake, ni ndumilakuwili: ikiingia inakuchekea, ikitulia inakugeuka.

Msimamizi wa kantini aliingia wakati Bi Kijiko ameshakaa juu ya gunia la mchele, kiganja kifuani. Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini nikikukuta hapo tena wakati watu wanasubiri, nitakupeleka kwenye kukata mboga, na jiko nimpe wifi yako."

"Huyu? Asiyejua chumvi na sukari?"

"Nasikia, wifi," alisema mwenzake. "Masikio ninayo."

"Basi ulimi ndio huna."

Alijikaza, akainuka, akapakua. Lakini neno lile lilimkaa rohoni kuliko kiungulia chenyewe. Kukata mboga! Umri wote ule, arudi kuanza kama mgeni!

Dawa alizokuwa ameshajaribu zingetosha kufungua duka. Alitafuna mchele mbichi. Alinywa maziwa baridi. Alilala ameegemea mito mpaka shingo ikapinda na mumewe akamuuliza kama anamsubiri mgeni. Hata kahawa aliacha, akawa hasemeki asubuhi nzima. Ndipo jirani yake, aliyekuwa amerudi kutoka kwa watoto wake kando ya bahari, akamletea mfuko wa mwani uliokaushwa.

"Uloweke, uchemshe mpaka uteleze kama bamia, unywe," alisema jirani. "Mimi umenitoa utumwani."

Bi Kijiko aliuchemsha. Ulipoteleza, alichukua kijiko akaonja, akakunja uso. Maji matupu yenye harufu ya ufukwe! Yeye, aliyekula chumvi nyingi jikoni, awekewe mdomoni kitu kisichoungwa? Akakaanga kitunguu, akatia nyanya, akaminya ndimu, akamalizia na pilipili. Mwani ukawa mtamu kweli kweli. Akala bakuli zima, na baada ya hapo akaketi kitandani hadi alfajiri, anaungua kama tanuri.

"Alikwambia utie pilipili?" mumewe aliuliza.

"Kwani alikwambia wewe uniulize?"

Kesho yake, kwa shingo upande, alikwenda duka la dawa. Muuza dawa, msichana mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ingawa kwenye pilipili aliinama kidogo kutafuta kalamu.

"Ule wako umegeuka mchuzi tu, mama. Ila iko dawa ya maji inayotengenezwa kwa kitu kinachotolewa kwenye mwani huo huo. Ikifika tumboni ikakutana na asidi, inaganda na kuelea juu, kama malai juu ya maziwa. Asidi inabaki chini."

Hayo ya malai Bi Kijiko aliyaelewa papo hapo.

"Unakunywa ukimaliza kula, na unapotaka kulala. Ukishakunywa, usitie kitu mdomoni kwa muda, na usiiname. Na ukiona chakula kinakwama kooni, au unakonda, au unatapika damu, usinisubiri mimi. Nenda kwa daktari."

Alikunywa kama alivyoambiwa. Alikula mapema kabla ya foleni, akapima dawa, akameza, akarudi kwenye sufuria zake. Kiungulia kikarudi naye. Kesho hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Usiku alipata nafuu, lakini mchana, wakati msimamizi anapita huku na huku macho yakiwa juu ya lile gunia la mchele, kifua kilimwaka kama hajatia kitu. Chupa ilipokaribia kuisha, alifura. Akaenda nayo dukani, wifi yake nyuma akiwa anafuata sabuni.

"Mwanangu, hii dawa au chokaa?"

"Unakunywa baada ya kula, mama?"

"Baada ya kula. Sijaruka hata siku moja."

"Na baada ya hapo unakaa mpaka lini bila kula?"

"Mpaka jioni."

Wifi yake aliangua kicheko hadi akashika kaunta. "Mpaka jioni! Na vile vijiko je?"

"Vijiko gani? Kuonja si kula!"

"Muulize tumbo lake kama linajua."

Muuza dawa alivua miwani. "Unaonja mara ngapi, mama?"

Bi Kijiko alianza kuhesabu kwa vidole. Maharage, vile yanavyochemka. Vitunguu vikiingia. Nyanya. Chumvi, na chumvi tena. Vidole vilimwishia kabla hajafika kwenye mboga. Akashusha mikono.

"Kila kijiko kinatoboa ule utando," alisema msichana taratibu. "Tena cha nyanya, tena umeinama."

Mikononi mwa Bi Kijiko watu walikuwa wamechapwa mwiko kwa kuchovya kijiko kwenye maziwa yaliyoshika malai. Kumbe mchovyaji ni yeye.

Siku iliyofuata alikula, akanywa dawa, akasimama mbali kidogo na sufuria, mgongo wima kama askari. Maharage yalikuwa yanatokota, chumvi imeshaingia. Mkono ulienda wenyewe kiunoni, ukashika kijiko. Ukakiachia. Ukakishika tena. Nje foleni ilianza kupiga kelele, na msimamizi akachungulia mlangoni.

Alifungua ile kamba kwa hasira, fundo likamkatalia, akaling'oa kwa meno.

"Onja," alimwambia wifi yake.

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine humu? Onja!"

Wifi alichota, akapuliza, akaonja. "Tamu."

"Tamu si jibu! Chumvi?"

"Iko."

"Iko wapi? Mbele ya ulimi au nyuma?"

"Wifi, chumvi iko kwenye maharage."

"Mungu wangu!"

Wakapakua. Bi Kijiko alisimama dirishani akiangalia kila sahani inavyoondoka, akisubiri mtu mmoja tu, mmoja, ageuke aseme leo kuna nini. Hakuna aliyegeuka. Fundi mmoja wa mashine alirudi na sahani tupu akaomba nyongeza. "Leo mmepatia, Bi Kijiko!" Alimwekea upawa mmoja kwa nguvu mpaka mchuzi ukamrukia shati.

Msimamizi alipita, akatazama gunia la mchele, akaona halina mtu, akaenda zake. Na kifua kilikuwa kimetulia. Kimetulia kabisa, mchana mzima, naye hakuweza hata kukifurahia.

Masufuria yalipokuwa yanalowekwa na muda wa dawa umeshapita, alikwangua maharage yaliyobaki chini, akaonja.

"Enhe?" aliuliza wifi.

"Imepungua. Nyuma ya ulimi hakuna kitu."

"Wamekula wote, wifi."

"Wamekula, nimeona." Alisuuza kijiko, akakifuta, akakifunga tena kiunoni kwa fundo jepesi la kufungulika. "Kesho chumvi natia mimi mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuniambia tu, mbele au nyuma."

"Mimi nitasema iko."