Nilimsingizia Mama Mkwe Harufu ya Ukuta Wangu

Jamani, nianze na kosa lenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Mimi ndiye niliyemtoa mama mkwe wangu nyumbani kwangu, hapa Pearland, kando ya Houston, Texas, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba. Nilimtoa kwa adabu, na chakula cha njiani nikamfungia. Lakini nilimtoa.

Sababu ilikuwa harufu. Nyumba nzima ilinuka mayai viza, na mimi nikaamua anayenuka ni mama.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, mnicheke vizuri.

Mafuriko ya 2017 yaliingia kwetu mpaka magotini. Nyumba za huku si za matofali. Ndani ni mbao, halafu juu yake bodi za jipsamu, wenyewe wanaziita drywall. Zikinywa maji zinakuwa kama mkate uliolowa kwenye chai. Tukazikata zote za chini, tukazitupa. Kila mtu mtaani alikuwa anatafuta bodi na fundi. Fundi mwenye kibali akaniambia nisubiri zamu yangu. Nisubiri nini? Mimi mtoto wa Tanga, baba yangu alijenga nyumba yetu na wadogo zake bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikampata jamaa mmoja na trela nyuma ya kituo cha mafuta, anauza bodi kwa bei ya kutupa. Nzito, nyeupe, safi. Bodi za dukani huwa zimechapwa jina la mtengenezaji, sheria ndivyo inavyotaka, ila mimi hilo sikulijua. Hizi hazikuwa na neno hata moja. Na mimi nilizipenda kwa sababu hazijachafuliwa na maandishi. Nimeshasema mtanicheka.

Nika-google, nikaangalia video, nikazifunga mwenyewe. Jiji lilitaka mkaguzi aje aone kazi kabla sijapaka rangi. Sikumwita. Nikasema ukuta wangu, nyumba yangu, huyo anakuja kukagua nini? Nikapaka rangi ya krimu.

Bodi zilizobaki nikazipakia kwenye pikapu, nika-drive mpaka Garland kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye na mumewe wanafanya kazi ghalani, na walikuwa wanageuza gereji yao iwe chumba cha wageni. Nikawafungia kuta bure. Hiyo gereji muikumbuke.

Nilijisifu mno kwa ule ukuta. Mgeni akiingia kwangu, kabla hajakaa, namwambia gonga. Gonga usikie ulivyoshiba. Watu wazima na heshima zao waligonga ukuta wangu.

Mwaka uliofuata mke wangu akashika mimba, baada ya miaka mingi ya kungoja na kukata tamaa. Mama yake akaja kutoka Tanga, amlee mwanawe mpaka arobaini iishe. Joto la Texas nalo likaingia. Wiki ile ile aliyofika mama, nyumba ikaanza kunuka.

Sasa hapo ndipo heshima ilipotuponza. Mtu gani na akili zake atamwambia mama mkwe kwamba unanuka? Mimi hata kupita mbele yake nainama. Nikanyamaza. Mke wangu naye akanyamaza, akidhani ni pua ya mimba. Mama kimya. Tukawa tunakula wali watu watatu, kila mmoja anapumua kwa mdomo, tunaulizana habari za kazi.

Mimi ni nesi. Kazi yangu hospitali ni kumwangalia mtu na kujua anaumwa wapi. Basi nikamwangalia mama, nikaona tatizo ni tumbo. Nikaacha kununua mayai, maharage na kabichi. Akiniuliza, namwambia dukani yameisha. Mji wote huu wa Houston, mayai yameisha, na yeye kwa adabu yake akasema haya baba, Mungu ataleta.

Cha ajabu, siku zile zile mama naye akaanza kunishughulikia mimi. Asubuhi tangawizi, jioni chai ya mchaichai, kabla ya kulala kijiko cha habasoda.

"Kunywa, baba," ananiambia. "Tumbo likitulia, mwili wote unatulia."

Nikanywa. Nikamwambia mke wangu, mama yako ananipenda kweli.

Halafu bangili za mama zikawa nyeusi. Bangili za fedha, alivalishwa siku ya harusi yake. Akazisugua kwa ndimu na dawa ya meno mpaka zikang'aa, baada ya siku chache nyeusi tena. Mimi nikaona ushahidi ndio huo. Vijiko navyo vikaanza kuwa vyeusi, nikasema anavishikashika sana. Kiyoyozi kikafa, kikatengenezwa, kikafa tena. Wallahi nilikaa nikafikiria kama harufu ya binadamu inaweza kuua kiyoyozi. Nilifikiri hivyo nikiwa na leseni ya unesi ya jimbo la Texas.

Wageni wakija wanagonga ukuta kwa mazoea, wananusa, wanamtazama mama, wanaaga mapema. Na mama aliwaona wakimtazama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku moja mke wangu alitapika mchana kutwa, kichwa kinampasuka. Nikasema basi. Nikampigia shemeji, halafu nikamwendea mama sebuleni.

"Mama, binti yako wa Garland anakulilia. Nenda ukakae naye kidogo, utarudi kabla mwenzake hajajifungua."

Akanitazama. "Nimekukosea, baba?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

Nikampeleka mwenyewe kwa gari mpaka Garland. Nikamwingiza kwenye kile chumba cha gereji, yeye akiwa mgeni wa kwanza kulala humo, nikamwekea begi kitandani, na mimi nisivyo na haya nikamwonyesha kuta. "Gonga, mama, usikie." Akagonga.

Haukupita muda shemeji akanipigia, anaongea kwa kunong'ona.

"Shemeji, samahani. Hivi mama huko kwenu alikuwa na hali yoyote?"

"Hali gani?"

"Tunasikia harufu."

Ndugu zangu, nilishangilia. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, jiko linanuka mayai viza, mama yuko mbali mwendo wa masaa manne, na mimi nashangilia kwamba nilikuwa sahihi. "Mvumilieni," nikamwambia shemeji, "ni utu uzima." Harufu iliyobaki kwangu nikasema imeganda kwenye makochi. Nikayatupa makochi.

Kabla mwezi haujaisha mama akabadilisha tiketi, akarudi Tanga. Hakuaga kwetu. Alimwambia mke wangu kwa simu kwamba amechoshwa na baridi. Ilikuwa Agosti, Texas. Mke wangu alilia mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto.

Binti yetu alizaliwa vizuri, tukampa jina la bibi yake. Arobaini nzima mke wangu alilelewa na mimi, napika uji wa pilipili manga huku naangalia video. Uji una madonge. Mke wangu anakunywa, machozi yanamtoka, anasema ni pilipili.

Baridi ilipokuja kweli, harufu ikapungua. Nikamwambia mke wangu, unaona? Joto la mwaka uliofuata likarudi, na harufu ikarudi nayo. Mama yuko Tanga. Sikuwa na mtu wa kumsingizia. Nilimtazama mtoto.

Kiyoyozi kikafa tena. Safari hii akaja fundi mwingine, akafungua, akanionyesha bomba la shaba limekuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Akanusa. Hakunitazama mimi wala mke wangu. Alikwenda moja kwa moja kunusa ukuta. Akaniambia niite mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo. Akafungua soketi, nyaya nyeusi. Akakata kipande cha ukuta wangu mzuri, akakigeuza kutafuta jina.

"Hizi zimetoka wapi?"

Nikamwambia za trela, nyuma ya kituo cha mafuta. Akanieleza kwamba bodi zina salfa iliyozidi, zikipata joto na unyevu zinatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayonuka, inayokula shaba na kufanya fedha iwe nyeusi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Aliposikia neno fedha alinigeukia polepole.

Nikajitia mwanamume. Nikasema sawa, wikendi hii nazitoa mwenyewe.

"Hutoi kitu," mkaguzi akasema. Anayekagua siye anayebomoa, na anayebomoa lazima awe na kibali. Bodi zinafungwa vizuri, zinapelekwa kwenye jalala lake maalumu. Haziwekwi barabarani na taka nyingine, hazisagwi kutengenezea bodi mpya. Zikishatoka, yeye anarudi kupima upya kabla hatujafunga nyingine. "Na usimpe mtu hata kipande. Au kuna mtu umeshampa?"

Gereji.

Nikakaa sakafuni, maana makochi nilishayatupa.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumbo lako linaendeleaje?"

Nikamwambia yote, ukuta, mayai, Garland, kila kitu. Nikaomba radhi nikilia kama mtoto.

"Mimi nikiwa kwako nilidhani anayenuka ni wewe," mama akasema. "Nikasema mkwe wangu mgonjwa, na mgonjwa hakimbiwi, nikakaa. Nilipofika Garland nikaikuta harufu ile ile. Nikajua basi, ni mimi. Nikaona haya kumpokea mjukuu na mwili unaonuka. Nikaondoka."

Kuta za nyumba zote mbili zimebomolewa na wenye kibali, zimepimwa, ni safi. Mama amenisamehe, yeye mwenyewe amesema. Alikuwa anajiandaa kuja, corona ikafunga safari. Sasa ni 2020, binti yangu anatembea, na bibi yake anamjua kwa simu. Kila wakiongea mama anasogeza simu puani, anasema anamnusa mjukuu wake.

Nanyi mnaojenga na kukarabati huku ugenini, mwiteni mkaguzi, hata kama mna mikono ya dhahabu. Bodi isiyo na jina msiiingize ndani, na mbovu msimgawie ndugu. Na nyumba ikinuka, semeni, hata kama mkwe amekaa mezani. Semeni jamani hapa pananuka, mtafute wote. Mimi ningelisema hilo tu, binti yangu angekuwa amebebwa na bibi yake.