Siku Chatu Alipokagua Mahari

Mimi shule niliipita nikiswaga ng'ombe, sikuingia. Lakini ng'ombe wa mahari huku kwetu nakagua mimi, maana jicho langu likimtazama ng'ombe linaona mpaka majani aliyokula juzi. Ndiyo maana kaka yangu aliniita kwake, nje kidogo ya Bariadi, siku ya mahari ya binti yake mkubwa. Binti alimtaka kijana aliyemposa kuliko maji ya kiangazi. Na mchumba wa kwanza alishaondoka na ng'ombe wake kwa ugomvi wa zizini: huyu kakaguliwa, huyu bado, fimbo juu!

Safari hii mdogo wa bibi harusi, msichana anayesomea kompyuta, akasema, "Baba mdogo, wewe kagua, mimi naingiza kwenye mashine. Hakuna kugombana."

Lugha anayoongea na ile mashine inaitwa Python, yaani chatu. Nusura niruke ukuta. Ndani yake katengeneza kamusi. Ukiita jina la ng'ombe anakuja mzima mzima: rangi, umri, pembe, mguu mbovu. Majina alishapewa na mshenga kwa simu. Kisha mashine inawapitia wote, haimruki hata ndama.

Ng'ombe wakaingia kutoka Shishiyu, vumbi mpaka jua likakohoa. Mashine ikaita, mimi nikakagua. Tamu kabisa! Tukafika kwa dume la pembe moja.

"Huyu hapana. Toa!"

Msichana akamtoa kwenye kamusi. Mashine ikagoma palepale, maandishi mekundu.

Mshenga akacheka. "Mayu, mama, chatu wako kavimbiwa na dume moja tu?"

Akawasha upya. Ikaanza kuita wale niliokwisha kuwakagua.

"Mnatukagulia mara mbili!" Wazee wa upande wa kijana wakasimama. Mmoja akafungua lango la zizi. Mlangoni mwa jiko nikamwona bibi harusi na mwiko mkononi, ugali kauacha motoni.

Mdogo wake akayasoma yale mekundu, akajipiga paji la uso.

"Kosa langu. Nimetoa ng'ombe huku mashine bado inawapitia. Kamusi haitaki kupunguzwa katikati ya safari. Baba mdogo, ukimkataa, namwekea alama tu kwenye habari zake. Wakiisha wote, ndiyo nawatoa."

"Hiyo alama haitaigomesha?"

"Idadi si ileile? Haina neno."

Lango likafungwa. Tukaanza upya, na wao wakihesabu kwa macho. Safari hii ikaita mpaka wa mwisho, ndipo ikawataja waliokataliwa, kila mmoja na kilema chake.

Mshenga akainama kwenye kioo. "Hata mkia uliokatika kauona?"

"Kauona baba mdogo," msichana akasema. "Mashine imekumbuka tu."

Hapo nilirefuka, nikaona Mwanza.

Mshenga akakubali kubadilisha wale wabovu. Hajamaliza sentensi, bibi harusi kapiga vigelegele, mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ugali ukaungua mpaka chini. Tuliula hivyohivyo, mweusi, na mimi niliongeza.