Maji Kwenye Karanga

Binti yangu alipogoma kula, nilikuwa nauza misumari. Bado nauza, kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbinga, lakini siku hizo sikuwa na kitu kingine. Mama yake alikuwa chuoni Songea, na kila jioni nilikaa na kikombe cha uji mbele ya mtoto aliyefunga mdomo, nikimwogopa.

Nikaanza kujaribu. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video kwenye simu, nikachanganya mahindi, soya na karanga, nikakosea, nikamwaga, nikaanza upya. Nina ugonjwa huo: kitu kikiwa na kasoro ndogo, sipati usingizi. Karanga nilizichagua moja moja kwenye ungo. Iliyosinyaa nje, yenye doa nje. Hatimaye binti akamaliza kikombe na kulamba kijiko. Mashavu yakaanza kujaa, na jirani akaomba unga ule kwa ajili ya mwanawe.

Biashara ilianzia hapo. Wanawake wa mashine ya kusaga waliniita Baba Uji.

"Baba Uji, leo unanyonyesha saa ngapi?"

Nilicheka nao, lakini moyoni nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Dukani nilikuwa mtu wa kupokea hela na kurudisha chenji. Huku akina mama walinisimamisha njiani wanionyeshe jinsi watoto wao walivyonenepa. Kwa mara ya kwanza nilijiona nina kazi duniani.

Karanga zilitoka Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, kwa shangazi yangu aliyenilea. Alizilima, akazibangua, na gari la abiria likaniletea gunia. Mwaka huu, mvua zikiwa bado hazijakatika, niliomba ruhusa kazini nikashuka ziwani kumsalimia. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya maji hadi usingejua ziwa linaishia wapi.

Nilimkuta barazani amenyoosha miguu, rundo la karanga zenye maganda kando yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda! Unga wote unawapa watoto wa watu?"

Kabla sijakaa, alichovya mkono kwenye ndoo akalinyunyizia rundo lile maji, akaligeuza, akanyunyiza tena, kama anayetaka kupiga nguo pasi.

"Shangazi, hayo maji ya nini?"

"Ya kulainisha maganda. Au unataka vidole vyangu viishe? Njoo ubangue makavu na hivyo vidole vya dukani, tuone."

"Halafu unazianika?"

"Jua liko wapi? Natia kwenye gunia, zinangoja gari."

Nilikuwa nimetazama video nyingi kuhusu sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye karanga na mahindi yenye unyevu. Haina harufu wala ladha. Kuichemsha hakuiondoi. Hula ini polepole, na mtoto huweza kudumaa. Nilijiona salama kwa sababu nilichagua, lakini karanga inaweza kuonekana nzima, safi, na bado ikawa nayo.

Nilimweleza yote. Alicheka.

"Mama yangu alinyunyiza, bibi yangu alinyunyiza. Wote walikufa kwa karanga?"

"Babu je, kilimuua nini?" Sikuwa nimepanga kuuliza.

Mkono wake ukasimama ndani ya ndoo. Macho ya babu yaligeuka njano, tumbo likamjaa maji, na mzee mmoja jirani akafukuzwa kijijini kwa kushukiwa uchawi. Sijui kama zilikuwa karanga. Hakuna anayejua. Shangazi aliisukuma ndoo kwa mguu, akachukua karanga kavu, akaanza kubangua bila kunitazama.

Niliporudi Mbinga nilizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya pakiti za unga. Wengi walirudisha. Mama mmoja aliing'ang'ania yake.

"Huu unga ndio umemnenepesha mwanangu. Umepata wa kuwauzia ghali, siyo?"

Nilipotamka neno sumu, aligeuza shingo akamtazama mtoto mgongoni, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile.

Pakiti ya mwisho ilikuwa kijijini Matiri. Mteja wangu alikuwa ameipeleka kwa mama yake anayelea mjukuu, basi nikakodi bodaboda. Bibi alinipokea kwa vigelegele, akamwita mjukuu aje amwamkie mwenye uji. Akaja mbio, mnene, ngozi inang'aa.

"Uliisha jana," bibi akasema. "Umeleta mwingine?"

Nilimwambia kilichonileta. Alisikiliza mpaka mwisho, akampakata mtoto, akapandisha fulana yake na kumbonyeza tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima embe.

"Huo ugonjwa unaonekana lini?"

"Pengine hautaonekana, bibi."

"Na pengine?"

Alimshusha mtoto, akaingia ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Jioni ile nilimlaza binti yangu chali kitandani, nikambonyeza upande wa kulia, chini ya mbavu, nikitafuta nisichokijua. Alijikunja akicheka, akidhani namtekenya.

"Tena, baba," akasema. "Tena."