Hildegardi Atangaza Mpira

Kabla Masoudi hajaleta dishi lake, mpira wa televisheni pale Mbamba Bay ulikuwa wa Hildegardi Komba, na hakuna aliyembishia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, aliyecheza netiboli mpaka timu ya mkoa kabla goti halijamgomea. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa Mbinga, aliuza mavuno ya shamba aliloachiwa na baba yake. Wenzake walinunua mabati. Yeye aliteremka ziwani na jenereta, televisheni, na dishi la wavu pana kama kitanda cha watu wawili.

"Umerogwa," ndugu zake walimwambia.

"Ngojeni Jumamosi," akawajibu.

Jumamosi ilipofika, banda lake la matete lilijaa mpaka waliokosa nafasi wakachungulia kwenye nyufa.

Dishi lile lilikamata vituo vya bure tu, navyo vilikuwa na vituko vyao. Leo vinaonyesha mechi, kesho bwana mmoja anasoma habari kwa lugha ambayo hata mbwa wa pale hakuwahi kuisikia. Picha nayo ilikuja na chenga kama pumba za mahindi. Watu walivumilia, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mwaka 2002, Kombe la Dunia likikaribia, pengine pakapatikana. Masoudi, muuza vifaa vya ujenzi ambaye babu yake alitokea Kilwa, alijenga banda la bati ng'ambo ya barabara, akasimika dishi dogo jeupe lenye king'amuzi cha kulipia. Humo mlikuwa na kituo cha michezo asubuhi mpaka jioni. Picha ilikuwa safi kiasi cha kuona jasho kwenye shingo ya golikipa. Juu ya hayo akapanga viti vya plastiki vyenye migongo. Vijana wote wakavuka barabara.

Siku ya mechi ya ufunguzi, Senegali na Ufaransa, Hildegardi alibaki na akina mama waliokwisha kuanika usipa, dagaa wao wa ziwani, wazee wachache, na Bibi Gertrude, ambaye alikuja kwa sababu banda la matete lilikuwa na hewa. Mtangazaji wa kituo alikuwa akimwaga Kifaransa. Bibi Gertrude akasikiliza, akachoka.

"Mwanangu Hilda, huyu anayesema hivi bila kupumua, anasema nini?"

"Sijui, bibi."

"Basi mnyamazishe. Tuambie wewe."

Hildegardi akazima sauti. Akasimama kando ya televisheni, mkono kiunoni, akaanza. Aliona wengi wa wateja wake hawajui mpira unakwenda wapi, kwa hiyo akawatengenezea ramani ya mwambao wao: goli la kushoto akaliita Liuli, la kulia Chiwanda, na katikati ya uwanja ni hapahapa Mbamba Bay.

"Mpira umetoka Chiwanda! Kijana wa Senegali anapita pembeni, amekwepa mmoja, anaukaribia mwambao wa Liuli. Akina mama, shikeni vitenge vyenu! Anaupiga katikati... umemgonga mtu... umerudi... GOLI!"

Televisheni ilikuwa ikionyesha chenga tupu wakati huo, lakini hakuna aliyejali. Kigelegele kilichopigwa kilivuka barabara. Kule kwa Masoudi, walioona goli safi kabisa kwa macho yao waligeuza shingo kutazama banda la matete, wakijiuliza wenzao wameona nini ambacho wao hawakukiona.

Mechi iliyofuata, nusu yao walirudi. Jumapili ya Senegali na Uswidi watu walitoka misa ya kwanza moja kwa moja, vitabu vya nyimbo mkononi, wakajaa mpaka nguzo za banda zikalia. Masoudi alibaki na viti vyake. Alijaribu kumwiga: akazima Kiingereza cha kituo chake, akatangaza mwenyewe. Maskini, alitangaza kama mtu anayesoma bei za misumari. Mteja mmoja aliondoka akisema afadhali kile Kiingereza.

Hildegardi alisikia, akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa siku kadhaa alitembea sokoni kifua mbele, akisalimiwa na watu asiowajua.

Halafu ikaja Jumamosi ya robo fainali, Senegali na Uturuki. Asubuhi aliwasha televisheni akakuta giza na mstari wa maandishi. Kile kituo kilikuwa kimewafungia matangazo watazamaji wa nje ya nchi yake. Alizungusha dishi mpaka viganja vikamuuma. Akapata mahubiri, akapata ngoma za nchi nyingine, mpira hakuupata. Nje, watu walikuwa wameanza kukaa, wengine wametembea tangu alfajiri.

"Tutafanyaje, mwanangu?" Bibi Gertrude aliuliza.

Moyo wa Hildegardi ulikuwa umeshuka, lakini miguu yake ilishaanza kuondoka. Alivuka barabara, akamkuta Masoudi akifuta vumbi kwenye viti.

"Asalaam aleikum, kaka Masoudi."

"Waaleikum salaam, dada. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kufanya biashara. Wewe una picha, watu huna. Mimi nina watu, picha imenitoka. Leo nitatangaza humu."

Masoudi akamtazama kwa makini. "Halafu mechi ikiisha unaondoka nao wote."

"Nitaondoka nao, ndiyo. Labda uniombe nibaki."

"Kwa mshahara?"

"Siajiriwi, kaka. Tukishirikiana, banda ni letu sote. Na wazee wanakaa mbele, kwenye hivyo viti vyenye migongo."

Masoudi alijaribu kununa, akashindwa, kicheko kikamtoka. "Wewe mwanamke ungeuza maji ziwani. Waite."

Wakavuka wote, Bibi Gertrude akitangulia. Mechi ile ilikuwa ngumu, dakika tisini bila goli. Ilipoingia muda wa nyongeza, ambapo goli moja lilitosha kumaliza kila kitu, Uturuki wakafunga. Hildegardi aliuona mpira ukivuka mstari kwa uwazi ambao televisheni yake isingempa kamwe. Watu wote walimgeukia yeye, wakiacha kioo, kana kwamba asiposema, goli halijawa goli.

"Limeingia," akasema kwa sauti ya chini. "Limeingia, jamani. Lakini watazameni vizuri wale vijana, maana wamefika mbali. Wapigieni makofi, wamestahili."

Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Masoudi alifuta macho kwa ncha ya kanzu, akisingizia vumbi.

Hildegardi hakurudi ng'ambo. Ligi ya Uingereza ilipoanza Agosti, mabenchi yake yalikuwa yamehamia chini ya bati, na Masoudi alibaki na kazi ya king'amuzi na jenereta, kazi aliyoiweza. Kufikia mwisho wa mwaka, wajumbe wawili wa timu ya kijiji cha Tingi walifika wakamwamkia, wakamweleza kwamba wana mechi na jirani zao na wamekwisha kuazima spika ya kanisa.

"Hatuna televisheni, mama," mmoja alisema kwa wasiwasi. "Ni uwanja tu, na wachezaji wenyewe."

"Afadhali," Hildegardi akasema. "Niwekeeni meza imara, nitasimama juu yake."