Kitabu Chenye Mazishi

Mimi vitabu vilivyofupishwa sivipendi, na chuki hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata Heru Juu, kijiji cha Kasulu, miaka ya sabini, kwa mama aliyenipangisha chumba.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Tanga, nimepangiwa Kasulu, na jioni nikifundisha kisomo cha watu wazima. Kina mama walipokwisha kujua kusoma, walichoka na vijitabu vya kilimo bora. "Mbolea tumeisikia, mwalimu," wakasema, "tusomee habari za watu." Basi nikawaletea riwaya moja ya zamani, maarufu, katika tafsiri ya Kiswahili waliyokuwa wakisoma watoto wa shule. Tulikaa uani kwa mama mwenye nyumba, wao wakichambua maharage kwenye nyungo, mimi nikisoma. Jirani yetu mmoja, mwenye mdomo usiojua kupumzika, aligeuza kwa Kiha palipowashinda wengine, na kuongeza chumvi. Waliisikiliza hadithi ile kuliko walivyopata kunisikiliza mimi darasani.

Ilihusu mtu aliyemwacha mkewe akaenda mbali kutafuta kazi. Siku moja, katikati ya kitabu, nikasoma kwamba alifariki huko ugenini, na sentensi iliyofuata ikawa mvua za mwaka mwingine. Mama mwenye nyumba akasimamisha mkono.

"Ngoja. Wamemzika lini?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Hakisemi vipi? Mtu amekufa sasa hivi, bado yumo ndani, wewe unaniletea mvua?"

"Si useme tu walimzika vizuri, tusonge mbele," jirani akadakia. "Maharage yenyewe yanakwisha."

"Vizuri kwa nani? Jembe alishika nani? Maiti haijatoka nyumbani, nyie mnaendelea na maongezi! Mawe!" Akabeba ungo wake, akaingia ndani.

Nilikasirika, nisifiche. Mtu mzima anasusia hadithi kama mtoto anayesusia uji! Jirani ndiye aliyeninyamazisha. Mume wa mama yule alikwenda Tanga, kwetu, kukata mkonge, kibarua wa mkataba, manamba, kama wanaume wengi wa Buha, nchi ya Waha. Wenzake waliporudi walisema amefariki, basi. Hakuna aliyejua kumweleza nani alimwosha wala nani alimchimbia, na mama akakataa kukaa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajasikia amelazwa wapi. Nikakumbuka kwamba alinipa chumba mara tu niliposema natoka Tanga, bila kuniuliza kitu kingine.

Nikakifungua tena kile kitabu, safari hii kurasa za mwanzo kabisa ambazo huwa tunaziruka. Kwa herufi za kisirisiri kilikiri chenyewe kwamba kimefupishwa. Nikamwendea mama jikoni, nikamwambia huenda mazishi yapo, ila kuna mtu ameyakata.

"Basi katafute ambacho hakijakatwa," akasema. "Mimi nitangoja. Kungoja nimezoea."

Nikapata semina Kibondo, nikasafiri juu ya magunia ya lori. Mjini pale palikuwa na mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Pwani, aliyenunua vitu vya maofisa wanaohamishwa: redio, vitanda, vitabu. Ndani ya kasha lake nikaikuta riwaya yangu mara tatu, zote kwa Kiingereza. Nikakidaka kimoja chenye jalada gumu na picha za rangi.

"Taratibu, mwanangu," akasema mzee. "Kanga huinunui kwa mji wake wa katikati tu. Ikunjue, uone na pindo. Unatafuta nini humo?"

"Mazishi, mzee."

Mwingine angenicheka. Yeye alinivutia kigoda. "Basi mfuate marehemu. Kitakachokuonyesha kaburi, ndicho."

Cha picha kilimwua mtu upesi kuliko hata cha Kiswahili. Cha pili kilikuwa kinene, nikafurahi bure: unene wote ulikuwa herufi kubwa na maswali ya mtihani, na marehemu wake naye akapotea hivi hivi. Cha tatu hakikuwa na jalada, kilinuka mafuta ya taa, herufi zake punje za ulezi. Nikafika pale anapokata roho, nikafunua, na sura nzima iliyofuata ilikuwa mazishi yake. Nilipiga kelele dukani.

"Kazikwa?" mzee akauliza.

"Kazikwa!"

"Inna lillahi," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa jirani. Nampenda mzee yule mpaka leo.

Niliporudi nacho Kasulu, nilishinda na kamusi hadi nikaweza kuisoma sura ile kwa Kiswahili bila kukwama. Kina mama wakaja. Nikawasomea jinsi wenzake wa kambi walivyochimba kaburi baada ya kazi, wamechoka. Mmoja aliyekuwa akigombana naye kila siku juu ya blanketi ndiye aliyemfunika kwa blanketi hilo hilo. Mpishi wa kambi, mwanamke asiyejua hata lugha ya marehemu, alimwosha uso, akalia kidogo, maana lazima alie mtu. Mwandishi yule nilimvulia kofia. Aliwaona watu hao, akakaa nao sura nzima, na mwenye makasi akawatupa.

Jirani aligeuza kwa Kiha kwa makelele yake ya kawaida. Chumvi hakuongeza.

"Rudia pale pa blanketi," mama akasema. Nikarudia. "Na mpishi." Nikarudia.

Akaweka ungo pembeni, akashuka kwenye kigoda, akakaa chini na kunyoosha miguu, kama wanavyokaa wafiwa. Kina mama wakanyanyuka, wakampa pole mmoja mmoja, wakimtaja mumewe kwa jina, si yule wa kitabuni. Alilia kwa sauti. Nami nililia.

Hatukusoma kwa muda. Watu walileta muhogo na maharage na kulala pale, kama kwenye msiba wowote. Matanga yalipokwisha, mama akaja uani na kigoda chake, akaketi karibu yangu.

"Haya, mwalimu, soma," akasema. "Nataka kujua mjane wake aliishije."