Kibuyu cha Mama Damari

Luciana alikuwa anapepeta uwele uani pale gari la watafiti lilipopita mbele ya nyumba yake bila hata kupunguza mwendo, likaenda kusimama kwa mdogo wake, Rebeka.

Mara ya kwanza walipofika Kinyangiri, watafiti hao wa chuo kikuu walipita karibu kila nyumba yenye ng'ombe, wakachota maziwa mgando kidogo kidogo na kuyatia kwenye vichupa, kisha wakaondoka navyo ndani ya boksi la barafu. Luciana aliwatolea ya kwake kwa kikombe cha wageni. Sasa wamerudi, na wameona nyumba moja tu.

Akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akaenda.

Alikuta watu wameshajaa. Katikati alikaa Daktari Aneth, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye hakuwa daktari wa sindano bali wa vijidudu. Alimwamkia Luciana, "Shikamoo mama," akaendelea na maelezo yake.

"Tumboni mwetu kuna bakteria wengi mno, wabaya na wazuri. Wazuri wakiwa wengi, wabaya wanakosa pa kukaa. Maziwa yenu wote yana wale wazuri, ila wakifika tumboni wengi wanauawa na ile asidi. Hawa wa kwenye kibuyu cha mama huyu hawafi. Wanafika kwenye utumbo wakiwa hai."

"Kwa hiyo yanatibu kuhara?" mtu mmoja aliuliza.

"Bado hatujui. Hilo ndilo tunalolitafuta. Mama, kibuyu hiki ulikipata wapi?"

"Cha mama," Rebeka akajibu, uso umemng'aa.

Luciana alingoja aseme mama yetu. Alingoja aseme kwamba yupo dada yake, yule pale, ndiye aliyekuwa akikisukasuka kibuyu hicho wakati yeye Rebeka bado anabebwa mgongoni. Rebeka hakusema. Alikuwa anacheka na wageni.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyemnyang'anya Luciana kitu. Mama yao, Damari, alizeekea kwa Rebeka, maana miaka hiyo Luciana na mumewe walikuwa Shelui wakipikia madereva wa malori. Aliporudi kijijini mume ameshafariki na mama naye ameshazikwa, alikikuta kibuyu kimening'inia jikoni kwa mdogo wake, cheusi kwa moshi wa miaka. Alitaka aambiwe, "Dada, hiki ni chako, wewe ndiye mkubwa." Hakuambiwa, na kuomba hakuweza. Akanunua kibuyu kingine mnadani. Rebeka alipomletea maziwa kidogo ya kuanzishia, alimjibu, "Ninayo yangu," akaenda kuomba kwa jirani.

Maziwa yake hayakuwa mabaya. Yaliganda, yalichachuka, watu waliyanywa. Lakini hata Agnes, mke wa mwanawe Edward, alimpitisha mwanawe Peniel mbele ya mlango wa Luciana kila asubuhi akampeleka kunywa kwa Rebeka. "Mama, usinielewe vibaya," Agnes alimwambia. "Ya kwa mama mdogo hayamsumbui tumbo." Luciana alisema sawa. Siku nzima hakula.

Baada ya watafiti kuondoka mambo yakazidi. Kisimani ni Rebeka. Kanisani mchungaji alimtaja kwenye matangazo. Wanawake waliokuwa wakimwita Luciana Mama Edward sasa walimwita dada yake Rebeka, kama vile hakuwa na mtoto wala jina. Kila aliposikia kicheko kutoka upande ule, alihisi anachekwa yeye.

Jumapili moja alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani wengine walipokwenda ibadani. Akasikia kwaya ikianza, na sauti ya Rebeka juu ya nyingine zote. Akachemsha maji.

Jikoni kwa mdogo wake hapakuwa na mtu. Maziwa yalikuwa yamemiminwa yote kwa ajili ya wageni wa kwaya, na ndani ya kibuyu yalibaki yale yaliyoshika ukutani, ambayo ndiyo mbegu ya maziwa yajayo. Luciana akamimina maji ya moto, akaziba, akatikisa. Mikono yake ilikumbuka namna ya kukishika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akamwaga nyuma ya zizi, akakirudisha kwenye kamba yake, akaenda kulala kitandani kama mgonjwa.

Rebeka akatia maziwa mapya kama kawaida. Hayakuganda. Yalioza, yakanuka hata ng'ombe akawa anageuza shingo. Akajaribu tena, yakaoza tena. Akakaa mlangoni na kulia kama amefiwa mara ya pili, na Luciana akaja kumpa pole, akamshika bega, huku ndani yake kitu fulani kimekaa vizuri kama mtu aliyeshiba.

Haikudumu. Wiki iliyofuata Peniel akaanza kuhara, macho yakaingia ndani, ikabidi Agnes apande naye basi kwenda hospitali Kiomboi. Walimtundikia dripu, akapona. Labda ni maji ya kisima. Watoto wengi waliugua kipindi kile, wakiwemo ambao hawajawahi kuonja maziwa ya Rebeka. Luciana alijiambia hivyo akipika, akajiambia hivyo akichota maji, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Daktari Aneth aliporudi kuchukua maziwa mengine, Rebeka alimtolea kibuyu kitupu, hawezi hata kumwangalia usoni.

"Wamekufa, mwanangu. Sijui nimekosea wapi."

"Hawajafa wote, mama," Aneth akasema. "Wale tuliowachukua mwanzo tumewagandisha kwenye barafu maabara. Nitakuletea."

Na kweli aliwaleta. Kijiji kikajaa uani kutazama kichupa kisichozidi kidole gumba, Rebeka akikimimina kwenye maziwa ya uvuguvugu, watu wamenyamaza kama kwenye ubatizo. Yalipoganda walipiga vigelegele. Luciana alipiga pia. Alikuwa amedhani amelimaliza jambo, kumbe amempa mdogo wake sherehe nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata Rebeka alimjia peke yake, ameshika bakuli lililofunikwa. Hakukaa.

"Dada, Jumapili ile nilipotoka ibadani, kibuyu hakikuwa kinanuka moshi," alisema. "Kilikuwa kinanuka maji ya moto."

Luciana akaendelea kufagia.

"Mtu mwingine angekivunja, au angekiiba. Nani hapa anajua kwamba maji ya moto ndiyo yanakiua? Mama alituchapa kwa hilo. Wewe na mimi, siku moja, fimbo moja."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Na sitasema." Sauti ya Rebeka ilitetemeka, si kwa machozi. "Lakini usije ukaingia jikoni kwangu nisipokuwepo. Kamwe. Hii hapa mbegu. Usinijibu kwamba unayo yako."

Akaweka bakuli kwenye kinu kilicholazwa, akaondoka.

Luciana alilitazama bakuli lile hadi jua likapanda. Alifikiria kumwita mbwa ayanywe. Alifikiria kumkimbilia Rebeka na kupiga magoti, lakini magoti yalikataa. Mwishowe alikifukiza kibuyu chake cha mnadani kwa kijinga cha moto, akatia maziwa ya asubuhi, akamimina humo yale ya bakuli.

Kesho yake aliyafungua. Yalikuwa mazito, meupe, yenye ile harufu ambayo hakuwa ameisikia ndani ya nyumba yake mwenyewe tangu aolewe. Akanywa kikombe kizima amesimama. Agnes alimkuta hapo, Peniel mkononi, njiani kwenda kwa mama mdogo kama kila siku.

"Leo mpe haya," Luciana akasema.

Agnes akaonja kwanza, akashangaa. "Mama! Haya ni kama ya mama mdogo kabisa."

Luciana akapokea kikombe, akakijaza, akampa mtoto. Alitaka kusema kwamba ni ya mama yake yeye, kabla hayajawa ya mtu mwingine yeyote.

"Ndiyo," akasema. "Ni ya kwake Rebeka."